Fomu ya Chakula cha Rubani

"Kamati ya Kuthibitisha Kutoweza inawatangazia watu wote, wenye meli na wasio na meli, kwamba Mfereji utaziba siku ya Jumamosi, tarehe 15 Septemba 1956, kuanzia saa mbili asubuhi. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu. Kuziba kutaendelea mpaka itakapotangazwa vinginevyo."

Tangazo hilo liliandikwa na Fikri Efendi Shalabi, Katibu wa Kamati, mtu ambaye mwandiko wake ulisifiwa kutoka Port Said hadi Suez. Aliliandika siku kumi kabla ya tukio lenyewe, kwa kuwa Musyu Ferrandou, Mwenyekiti, ambaye pia alikuwa mkurugenzi katika Kampuni ya Mfereji wa Suez, hakupenda mambo yanayokuja bila kubisha hodi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwezi Julai Serikali ilisema kwamba Mfereji unapita katika nchi ya Misri na ulichimbwa na Wamisri, basi na uendeshwe na Wamisri. Kampuni, ya kigeni, iliyokuwa ikiuendesha, ilishangazwa sana na hoja hiyo, maana kwa miaka themanini na saba haikuwahi kuletewa kwa maandishi. Wakuu wakakaa, wakanywa kahawa, wakakata shauri. Marubani wote wa kigeni, wale wanaopanda kila meli kuiongoza mferejini, wangeondoka kwa pamoja, usiku mmoja, na Wamisri wangebaki na mfereji wao wasiweze kupitisha hata bata. Meli zingejipanga kama nguo kwenye kamba. Dunia ingepiga kelele, na hapo manowari za wakubwa zingekuja kuuzibua. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika taarifa, na Ismailia nzima ilijua kwamba kwa taarifa hakuna kama Fikri Efendi.

Alikuwa mtu wa makaratasi toka utosini hadi unyayoni. Tarbushi alikuwa bado anaivaa, miaka minne baada ya wenzake kuitupa, kwa sababu hakuna waraka uliomfikia kumwambia aivue. Aliamini kwamba jambo lisilo na fomu halijatokea. Kuhusu mambo mengine alikuwa mtu mwema.

Kazi ya Kamati ilikuwa kuwapima Wamisri walioomba shahada ya urubani. Kanuni zake zilikuwa za haki kabisa. Ili apewe shahada, mwombaji alitakiwa awe ameongoza meli katika Mfereji kwa saa elfu kumi. Ili aruhusiwe kuongoza meli katika Mfereji, alitakiwa awe na shahada. Musyu Ferrandou alikuwa akiwaeleza wageni kwamba kanuni hizo zilikuwa mviringo mkamilifu, na mviringo ndio umbo bora kuliko yote.

Aliyegonga mviringo huo mara nyingi kuliko wote ni Nahodha Bayumi. Huyu alikuwa mkuu wa wafunga kamba. Kila meli inayoingia Mfereji hupandishiwa mashua ndogo na watu wake wanne, ambao kazi yao ni kufunga kamba kwenye nguzo za ukingoni meli ikihitaji kusimama. Bayumi alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na mara kumi na moja alikuwa ameomba shahada. Mara zote kumi na moja Fikri Efendi alimwandikia, kwa wino mweusi na herufi zilizolala vizuri: "Hajafikia kiwango. Anaweza kuomba tena baada ya miaka miwili."

Ilikuwa bahati mbaya kwamba Nahodha Bayumi alikuwa pia kaka wa mke wake.

Jioni ya tangazo, Ihsan aliweka bakuli mezani mbele ya mumewe. Ndani mlikuwa na dengu, bila kitunguu, bila bizari, bila hata ndimu.

"Dengu tena?" aliuliza Fikri Efendi. "Nilidhani leo ni mboga ya molokhia na sungura."

"Kamati imekaa," alisema Ihsan. "Imeona hujafikia kiwango cha sungura. Unaweza kuomba tena baada ya miaka miwili."

"Mke wangu, utaratibu ni utaratibu."

"Utaratibu! Kaka yangu anapitisha meli za watu tangu sijaolewa. Hao mabwana zako wakishashiba mvinyo wakaanza kukoroma, nani anabaki pale juu? Malaika?"

"Hilo si rasmi."

"Basi lifanye rasmi! Si ndiye wewe unayehesabu jibini zao? Hebu siku moja hesabu na saa za kaka yangu." Akakaa chini, na sauti yake ikabadilika. "Na hizo manowari, Fikri, zikija kuzibua, zitapita wapi? Si hapa chini ya dirisha letu? Utazipa fomu zijaze?"

Fikri Efendi alikula dengu zote. Usiku usingizi ulimkataa.

Asubuhi alianza kuandaa taarifa. Taarifa yoyote inayojiheshimu ina viambatisho. Kiambatisho A kilikuwa maelezo ya kuziba. Kiambatisho B kilikuwa orodha ya meli zilizokwama, ambayo ingejazwa siku yenyewe. Kiambatisho C kilikuwa ushahidi kwamba Mmisri hawezi kuongoza meli. Kwa ajili ya hicho akashuka stoo ya majalada, akavua koti, akatafuta.

Alitafuta siku mbili. Alikuta majibu ya kukataa, tena mengi, yote kwa mwandiko wake mzuri, lakini hakuna hata moja lililosema kwa nini. Siku ya tatu akafungua makabati ya Fomu Namba 31.

Fomu Namba 31 ilikuwa Taarifa ya Chakula cha Mchana cha Rubani. Ilianzishwa baada ya rubani mmoja kulalamika kwamba kwenye meli ya Denmark alipewa jibini moja tu. Tangu hapo kila rubani alijaza amekula nini, amekunywa nini, ameanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi, mapumziko ya baada ya chakula yakiwemo. Marubani wa Mfereji hawakuwa watu wa kukimbiza tonge. Saa mbili zilikuwa kawaida. Na chini kabisa, kwa sababu mtunga fomu alibakiwa na nafasi, palikuwa na kisanduku kidogo: "Nani alikuwa akiongoza meli wakati huo?"

Marubani walikijaza kwa ukweli, kwa kuwa walijua hakuna anayekisoma. "Bayumi," waliandika. "Yule Bayumi." "Bayumi, kama kawaida." Mmoja aliandika, "Bayumi. Niliamka tumefika."

Fikri Efendi alianza kujumlisha. Alijumlisha Jumatatu, akajumlisha Jumanne, mpaka penseli ikabaki kama jino. Jumatano alasiri alipata jibu: saa elfu kumi, mia nne na kumi na mbili, bila kuhesabu Krismasi, ambapo chakula kilichukua safari nzima.

Akakaa juu ya sanduku la majalada. Aliona aibu, aibu ya kweli ile inayoshuka mpaka magotini. Mara kumi na moja alikuwa amemwandikia shemeji yake kwamba hajafikia kiwango, na kila mara alikuwa akikausha wino kwa kuupuliza taratibu, akijisifia zile herufi.

Lakini mtu wa utaratibu hapindi utaratibu hata akiwa na aibu. Kanuni ilisema Kiambatisho C kiwe na ushahidi wote uliopo. Ushahidi uliopo ulikuwa huo. Akaunakili kwa usafi, kurasa arobaini na moja, akaupeleka kwa Musyu Ferrandou, ambaye wakati huo alikuwa akisimamia mafundi wanne waliokuwa wakilitia kwenye kasha piano la mke wake, Madamu.

"Kiambatisho C, Bwana Mkurugenzi. Ushahidi."

"Mwingi?"

"Kurasa arobaini na moja."

"Safi sana," alisema Musyu Ferrandou, akagonga muhuri na kutia sahihi kila ukurasa, jicho likiwa kwenye piano.

Siku ile ile alitia sahihi nyaraka mbili nyingine. Ya kwanza ilienda kwa wenye meli wote: wasikubali rubani yeyote asiye na shahada iliyosainiwa na Mwenyekiti wa Kamati, la sivyo bima zao hazitatambuliwa. Ya pili ilienda kwa marubani: ifikapo saa sita usiku wa Ijumaa, wote waache kazi, "bila kubaki hata mmoja, kwa sababu yoyote, kwa ombi la mtu yeyote, awe na cheo chochote." Zilikuwa nyaraka nzuri. Hazikuacha hata upenyo wa kupitisha sindano.

Yeye mwenyewe aliamua kuutazama uzibaji akiwa ndani yake. Alichagua meli ya Kigiriki, Evanthia, iliyokuwa ikitoka Suez kwenda Port Said, na akaichagua kwa sababu Kapteni Stamatis alisifika kwa kuheshimu maandishi. Ijumaa jioni Evanthia ilitia nanga Ziwa Timsah, hapo Ismailia, ambako meli hubadilisha marubani. Musyu akapanda na Madamu, piano, makasha arobaini na matatu, na Katibu wa Kamati na daftari lake. Mpango ulikuwa kwamba Jumamosi asubuhi, baada ya kuhesabu meli kumi au kumi na tano zilizokwama, Kapteni Wetherby, rubani Mwingereza na rafiki yake wa karata, angewapeleka Port Said. Huko waandishi wa magazeti wangekuwa wakimngoja saa kumi na mbili jioni atangaze msiba.

Saa mbili asubuhi Musyu Ferrandou alikuwa sitahani na darubini yake.

"Fikri, zimekwama ngapi?"

"Bado, Bwana Mkurugenzi."

"Saa ngapi sasa?"

"Mbili na robo."

"Zimechelewa," alisema Musyu.

Saa mbili na nusu ikapita meli ya mafuta ya Wanorwe, taratibu, katikati kabisa ya njia. Juu yake alisimama kijana Mmisri mwenye miwani, shati limelowa jasho mgongoni. Nyuma yake ikaja nyingine, kisha nyingine, mpaka zikafika saba.

"Hizo ni za bahati," alisema Musyu.

"Zote saba?" aliuliza Fikri Efendi.

"Bahati huja kwa makundi."

Ilipopita ya tisa, Musyu aliteremsha darubini na kumwita Kapteni Stamatis. "Inatosha. Mwambie Kapteni Wetherby tuondoke."

"Kapteni Wetherby yuko kwenye treni tangu saa sita usiku," alisema Stamatis.

"Lakini tulikubaliana!"

"Naye alisikitika. Alisema waraka wako uko wazi mno. Hata mmoja, kwa sababu yoyote, kwa ombi la mtu yeyote. Akaniomba nikupe salamu."

Madamu Ferrandou, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na kasha la piano, aliuliza kwa upole, "Hippolyte, ina maana tumekwama?"

Fikri Efendi alifungua Kiambatisho B, Orodha ya Meli Zilizokwama, akaandika kwa herufi nzuri: "Jumla: moja. Jina: Evanthia."

Kupanda treni haikuwezekana, kwa kuwa Madamu alisema yeye na piano ni kitu kimoja. Kukaa pale ndiyo ilikuwa balaa zaidi. Mpiga picha mmoja alishajitokeza ukingoni na kamera yake, na kitu pekee kilichokuwa kimesimama kati ya Suez na Port Said alikuwa ni Mwenyekiti wa Kamati ya Kuthibitisha Kutoweza. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hata hayakuwa ya mfereji.

Saa tatu na nusu mashua ya wafunga kamba ikagota ubavuni, na Nahodha Bayumi akapanda ngazi, mtu mpana, na kifurushi cha kitambaa chini ya kwapa.

"Sabalkheri, mabwana. Mamlaka mpya ya Serikali imenipa kibali, kama wale waliopita. Nimekuja kuwapeleka."

"Kibali cha nani?" aliuliza Kapteni Stamatis, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Wenzangu wamevikubali vibali hivyo; mimi nina waraka hapa. Shahada iwe na sahihi ya Mwenyekiti wa Kamati. Bila sahihi siondoi nanga."

"Basi Mwenyekiti si huyu hapa?" alisema Bayumi. "Atie."

Uso wa Musyu Ferrandou ulipiga wekundu. "Haiwezekani! Kanuni inataka saa elfu kumi. Mtu huyu hana hata moja!"

Fikri Efendi alikohoa. Aliwaza kwamba baada ya neno hili hatakuwa tena katibu wa chochote. Akalisema.

"Anazo elfu kumi, mia nne na kumi na mbili, Bwana Mkurugenzi. Kiambatisho C."

"Kiambatisho gani?"

"Ulichokigonga muhuri Jumatano. Kurasa arobaini na moja, sahihi yako kila ukurasa."

Musyu alipokea, akafungua, akasoma. Alisoma jibini, akasoma mvinyo, akafika kwenye kisanduku cha mwisho, akageuza ukurasa, akageuza mwingine. "Bayumi," alinong'ona. "Bayumi. Bayumi." Akainua macho. "Fikri, nani alikwambia ujumlishe hivi vitu?"

"Utaratibu, Bwana Mkurugenzi."

Bayumi alikuwa akichungulia kurasa zile juu ya bega la Musyu. Akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji. Na wewe ulikuwa unazo hizi kabatini miaka yote?"

"Nilikuwa nazo," alisema Fikri Efendi. "Sikuzijumlisha. Nisamehe."

"Babu yangu aliuchimba huu mfereji kwa mikono," alisema Bayumi, akimgeukia Musyu. "Alikufa humu, kifuani mwake mna vumbi tupu. Sitaki nikupigie kelele, maana wewe ni abiria wangu. Tia sahihi twende, jua linapanda."

"Hippolyte," alisema Madamu, "yule mtu wa kamera anatusogelea."

Musyu Ferrandou alitia sahihi. Fikri Efendi alikuwa na shahada tayari mfukoni, imeshaandikwa, wino umekauka. Wahenga hawakukosea: mchimba kisima huingia mwenyewe. Tofauti ni kwamba huyu aliingia na piano.

Nanga ikang'olewa. Bayumi alisimama kwenye daraja la nahodha, mikono nyuma, akasema maneno machache sana. "Kulia kidogo. Hapo hapo. Mwache." Evanthia ikaingia kwenye Mfereji taratibu na kwa utii. Fikri Efendi alimtazama akaona kwamba hii ndiyo kazi aliyoikataa mara kumi na moja bila kuiona hata mara moja.

Saa sita kamili mtumishi alileta sinia: samaki, kuku, jibini za aina tatu na chupa ya mvinyo mwekundu. Bayumi alimpa kapteni mvinyo, akafungua kifurushi chake. Ndani mlikuwa na mikate miwili, maharage ya ful, kitunguu kizima na kipande cha sungura. Fikri Efendi aliutambua mkono wa mke wake, na mate yakamtoka.

"Shemeji," alisema Bayumi, "kanuni inasemaje rubani akila?"

"Kanuni ya kumi na nane. Rubani asiongoze meli huku anakula. Amkabidhi mtu mwingine, na jina liandikwe."

"Haya. Mimi ni rubani, na njaa inaniuma. Nani anashika?"

Kapteni Stamatis alisema yeye waraka haumtaji. Kisha Madamu akasema, kwa sauti ile ile ya upole:

"Hippolyte, miaka kumi na tisa unaniambia kwamba wewe ndiye unayeuendesha Mfereji huu. Uendeshe basi, nikuone."

Kuna maneno ambayo mwanamume hawezi kuyakimbia, hasa yakiwa yake mwenyewe. Musyu Ferrandou alinyoosha koti, akapanda mahali pa rubani.

"Neno moja tu, Musyu," alisema Bayumi, akimenya kitunguu. "Ukingo ukikukaribia, usiukimbie."

Dakika ya kwanza ilikwenda vizuri, kwa kuwa Musyu hakusema kitu. Dakika ya pili akaona ukingo wa kulia unakuja. Ulikuwa unakuja kama kawaida yake, lakini ofisini haukuwahi kumsogelea namna ile.

"Kushoto!" alipaza sauti. "Kushoto kabisa!"

Tezi, nyuma ya meli, ikanyonywa na ukingo wa kulia, na omo, mbele yake, ikachomoka kuelekea ukingo wa kushoto, ambako ngamia watatu walikuwa wakila majani bila habari. Piano ndani ya kasha likalia lenyewe. Mgiriki kwenye usukani akamwangalia kapteni, kapteni akajifanyia ishara ya msalaba.

"Simamisha! Nenda! Rudi! Kulia! Hapana!" alisema Musyu, na hizo zote zilikuwa amri.

"Kulia, nusu," alisema Bayumi, mdomo umejaa mkate. "Injini polepole. Sasa mwache, ukingo utamshika wenyewe."

Evanthia ikatetemeka, ikafikiri, ikarudi katikati. Ngamia mmoja aliinua shingo, akaitazama, akaendelea kula. Musyu Ferrandou alikuwa ameshika reli kwa mikono miwili na hakuweza kuiachia. Bayumi alimaliza tonge, akapangusa vidole, akamwondoa pale kwa adabu, kama unavyomhamisha mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

Kabla ya Port Said, Fikri Efendi alipanda na Fomu Namba 31. Alikuwa ameijaza yote. Chakula: ful, kitunguu, sungura. Kinywaji: maji. Aliyeongoza meli wakati huo: Musyu H. Ferrandou. Muda: dakika nne. Na pembeni, kwenye maoni ya Katibu, kwa wino mweusi na herufi zilizolala vizuri, mstari ambao mkono wake uliujua kwa moyo:

"Hajafikia kiwango. Anaweza kuomba tena baada ya miaka miwili."

"Ni nini hii?" aliuliza Musyu, macho yake yakiwa kwa waandishi wa magazeti waliojaa gatini.

"Ya chakula tu, Bwana Mkurugenzi. Sahihi hapa, na muhuri pale."

Musyu Ferrandou alitia sahihi, akagonga muhuri, bila kusoma.